Baba Anawinda, Mama Anaokota: Nani Analisha Kambi?

Barua iliyotufanya tuandike kurasa hizi ilitoka kwa katekista mmoja wa kaskazini, katika mkoa wa Tanganyika. Anafundisha katika kijiji ambamo Batwa na Baluba wanakaa jirani. Siku moja walifika watu wa msaada kugawa unga, maharagwe na mafuta. Waliandika majina ya wababa, kila baba kwa nyumba yake, na kila baba akapokea mfuko wake. Juma lililofuata wamama wa Kitwa walimjia katekista. Mfuko mmoja, walisema, uliuzwa; mwingine uligawanywa kwa kambi nzima usiku uleule; mwingine hakuna aliyejua ulikwenda wapi. Katekista anauliza hivi: «Sisi katika mafundisho ya ndoa tunasema baba ndiye mlishaji wa nyumba. Je, kwa hawa watu wa pori ni vilevile? Mwanaume anawinda na mwanamke anangojea?»

Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wengi, na sisi pamoja nao, wamejibu upesi. Tunakiri kwamba tulipokuwa vijana tulihubiri zaidi ya mara moja juu ya mwindaji anayerudi na nyama begani, na bibi yake akimngojea mlangoni na watoto wenye njaa. Picha ile ilipendeza sana. Lakini wale waliokaa miezi na miaka katika kambi za wawindaji, wakipima kila siku kilicholetwa na kuandika ni nani aliyekileta na ni nani aliyekila, wanaonyesha picha nyingine. Tutaeleza waliyoyaona, kisha tutarudi kwa katekista wetu.

Tuanze karibu. Sisi wa Lubumbashi hatuna haja ya kwenda mbali ili tuone mwanzo wa jambo. Mvua zikiisha kushika, kuanzia mwezi wa kumi na moja ao wa kumi na mbili mpaka mwezi wa nne, piteni katika njia ya Likasi, ya Kipushi ao ya Kasumbalesa. Kando ya barabara mtaona wamama na wasichana wamesimama na beseni za bowa, yaani uyoga. Kuna mwekundu, wa manjano, mweupe, na ule mkubwa wa kichuguu ambao kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja, hata mtoto akijifunika nao mvua haimgusi. Aliyeuokota alitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na mara nyingi ni mama pamoja na watoto wake. Mwanaume wa kijiji kilekile naye anaingia porini, lakini kwa mambo mengine: anakata mti wenye asali, anatega, anachoma makala. Vinkubala, wale viwavi tunaowapenda na bukari, vinaita nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo.

Msifikiri kwamba kuokota ni kazi ya wasio na akili nyingi. Katika pori letu la miombo kuna uyoga mweupe unaolika vizuri sana, na mwingine wa jamaa ileile unaoua. Msichana hajifunzi tofauti hiyo katika buku. Anaijifunza kwa kutembea nyuma ya mama yake na nkambo wake miaka mingi, akinusa, akivunja shina, akitazama mguu wa uyoga ulivyotoka udongoni na mti gani uko karibu. Bwana François Malaisse, mwenye elimu ya mimea aliyefanya kazi miaka mingi hapa Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kinene juu ya vyakula vya pori hili: matunda, mizizi, majani, wadudu, uyoga, asali. Ukikisoma unafahamu kwamba sehemu kubwa ya elimu ile ilikuwa imehifadhiwa vichwani mwa wamama wa vijiji.

Lakini watu wetu wa Katanga ni wakulima. Wana mihindi na mihogo. Pori linawapa mboga tu. Ili kuona jambo lenyewe wazi, lazima twende kwa watu wasiolima.

Nao wako. Wahadza wanakaa karibu na ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wote pamoja hawazidi sana elfu moja, na kati yao ni mamia machache tu wanaoishi mpaka leo hasa kwa kuwinda na kuokota. Bwana James Woodburn, Mwingereza, alianza kukaa kwao mwaka 1958. Baada yake walikuja wengine wengi, hata labda hakuna kabila dogo la Afrika lililopimiwa chakula chake namna hii. Vyakula vyao vikubwa ni vitano: nyama, asali, matunda madogo ya vichakani, mbuyu, na mizizi ya porini.

Asubuhi wanawake hutoka pamoja, watano ao kumi, na watoto wachanga mgongoni. Kila mmoja ana fimbo ya kuchimbia iliyochongwa ncha na kukaushwa motoni. Wanachimba mizizi kati ya mawe, kazi ngumu kabisa. Mchana wanawasha moto palepale, wanachoma sehemu moja na kula, na iliyobaki wanaichukua kambini. Wanaume hutoka namna nyingine. Kila mmoja huenda peke yake, na upinde na mishale yenye sumu, na shoka kwa ajili ya asali. Anakwenda mbali kuliko mwanamke. Akikuta matunda anakula akitembea. Akisikia yule ndege mdogo anayeongoza watu kwenye nyuki, anamfuata, anavunja mti, anakula asali mpaka ashibe, na nyingine anaichukua nyumbani.

Sasa hesabu. Katika miaka ya 1980 mama Kristen Hawkes na wenzake waliandika siku kwa siku mawindo ya wanyama wakubwa, kama vile punda milia, nyumbu na twiga. Waliona kwamba siku ambazo mwindaji mmoja hakuua mnyama mkubwa zilikuwa karibu 97 katika kila 100. Fikirini baba mwenye watoto wanne, naye anarudi na mnyama mkubwa mara moja kwa mwezi! Kama watoto wale wangengojea nyama hiyo peke yake, kaburi lingekuwa karibu. Mizizi ya mama haina sifa, lakini inafika kila jioni. Na watoto wenyewe wanasaidia: mtoto Mhadza wa miaka mitano ao sita tayari anaokota matunda na kupasua mbuyu, na anapata sehemu nzuri ya chakula chake mwenyewe.

Watu hawa waliulizwa pia wanapenda chakula gani. Wote, wanaume kwa wanawake, waliweka asali juu ya vyote na mizizi chini ya vyote. Katika nafasi ya pili hawakupatana: wanaume walisema nyama, wanawake walisema matunda. Kwa hiyo kile ambacho hakuna anayekisifu ndicho kinachowashikilia siku mbaya. Hata sisi tunajua habari hiyo. Hakuna anayeimba juu ya bukari, lakini jaribuni kukaa siku tatu bila bukari.

Kuna jambo moja lililowashangaza waliokaa kwa Wahadza, na sisi linatugusa kuliko mengine. Mama anapozaa, na mtoto mchanga akiwa mgongoni na kifuani, hawezi tena kuchimba kama zamani. Nani atamlisha yule mtoto aliyetangulia, ambaye ameachishwa kunyonya juzi tu? Walipowapima watoto kwa kilo waliona hivi: wakati mama hana mchanga, mtoto hunenepa kadiri ya kazi ya mama yake, lakini mama akiisha kujifungua, mtoto mkubwa hunenepa kadiri ya kazi ya nkambo wake. Wale wamama wazee, ambao hawazai tena, walichimba saa nyingi kushinda binti zao. Habari hiyo ilitolewa mwaka 1997, na wenye elimu wengine waliiendeleza mbali wakisema kwamba labda ndiyo sababu mwanamke anaishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma. Jambo hilo la mwisho bado linabishaniwa. Lakini lile la kwanza, kwamba nkambo analisha, hakuna mtu wa Katuba ao wa Kenya atakayelikataa, maana analiona kwake kila siku.

Basi, je, baba hana kazi? Tusianguke upande wa pili. Mama Hawkes alifikiri kwamba mwindaji wa wanyama wakubwa anatafuta zaidi jina zuri kuliko chakula cha watoto wake, kwa kuwa nyama ile inagawanywa kwa wote na nyumba yake haipati zaidi. Wengine walimpinga. Bwana Frank Marlowe, aliyetoa kitabu kikubwa juu ya Wahadza mwaka 2010, aliona kwamba wakati mama ana mtoto mchanga, chakula anacholeta hupungua, na kile cha baba huongezeka. Naye bwana Brian Wood, pamoja na Marlowe, walionyesha mwaka 2013 kwamba katika vyote anavyoleta mwanaume, kwa kuhesabu pia asali na wanyama wadogo na matunda, nyumba yake inapata kushinda nyumba nyingine. Sisi tunaona hawa wa pili wamesema vizuri zaidi. Wa kwanza waliangalia twiga. Wa pili waliangalia pia asali ndani ya kibuyu, na asali haipigiwi makelele.

Tupite sasa kwetu Kongo, katika msitu wa Ituri. Mapadri wenzetu wanapaswa kujua kwamba mmoja wa wazungu wa kwanza waliokaa na Bambuti kwa kuchunguza maisha yao alikuwa padri: Padri Paul Schebesta, wa Shirika la Neno la Mungu, aliyeingia Ituri mwaka 1929 na kurudi tena mara kadhaa mpaka miaka ya 1950. Nyuma yake alikuja bwana Colin Turnbull, aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu kilichosomwa na dunia nzima mwaka 1961.

Hapa mambo hayako kama kwa Wahadza. Bambuti wengi wanawinda kwa nyavu. Kila baba ana wavu wake wa nyuzi za mmea, mrefu mita makumi mengi. Asubuhi wanaume wanaziunganisha nyavu zao msituni kwa umbo la nusu duara. Wanawake na watoto wanakwenda upande wa pili, kisha wanakuja pamoja wakipiga kelele, wakipiga majani kwa matawi, ili mboloko na wanyama wengine wakimbilie nyavuni. Mwanaume anaua, mwanamke anaweka nyama katika kikapu chake kinachoshikwa kwa mkanda wa kichwa, naye anaibeba. Katika kwenda na kurudi macho yake hayalali: anachuma uyoga, anaokota kokwa, anachimba kiazi cha porini. Basi mtuambie, mboloko yule aliuawa na nani? Na baba mwenye mkuki, ao na mama aliyemtoa kichakani? Bila sauti ya mama wavu ungebaki mtupu. Picha yetu ya mlangoni imevunjika hapa kabisa, kwa kuwa mama hakungojea nyumbani hata kidogo. Na nyumba yenyewe, yaani kibanda cha fito na majani, yeye ndiye aliyeijenga.

Lakini jirani zao Waefe, ambao ni Bambuti wa upinde, wanafanya tofauti. Wanaume wanawinda kwa mishale, na wanawake hawahitajiwi sana katika kazi hiyo. Wao wanakwenda katika mashamba ya Walese, wanasaidia kupanda na kuvuna, na wanalipwa ndizi, mihogo, karanga. Wakati wa ukavu wanaziba vijito kwa matope na kushika samaki. Waliopima chakula cha Waefe katika miaka ya 1980 walikuta kwamba zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka shambani, na kwa sehemu kubwa iliingia kambini kwa mikono ya wanawake. Mzungu aliyekuja kutafuta wawindaji alikuta kikapu cha ndizi! Na kwa Waefe hata maziwa ya mama yanagawanywa, maana mtoto mchanga hunyonyeshwa pia na wamama wengine wa kambi tangu siku zake za kwanza.

Tumesema namna chakula kinavyopatikana. Kugawa ni habari nyingine, na ndiko tofauti ya mume na mke inakoonekana zaidi.

Mizizi na matunda hayana sheria kubwa. Mama anawapa watoto wake, anamkatia mama yake, anamwonjesha jirani aliyekaa karibu na moto wake. Kila nyumba ina vyake, kwa sababu kila mama alichimba leo na atachimba kesho. Nyama kubwa haiwezi kwenda hivyo. Kwanza ni nyingi kuliko tumbo la nyumba moja. Pili inaoza. Tatu, leo ni bahati yako, na kwa muda mrefu unaofuata itakuwa bahati ya mwingine. Kwa hiyo akiba ya mwindaji ni matumbo ya jirani zake. Ndiyo sababu karibu mahali pote wawindaji wana desturi kali juu ya nyama. Waseminari watakumbuka hapa habari ya mana katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, na jinsi ilivyooza kwa wale walioiweka mpaka asubuhi. Watu wa pori hawangehitaji maelezo marefu juu ya sura ile.

Kwa Bambuti wa nyavu mnyama ni wa mwenye wavu, lakini aliyesaidia kumshika ana sehemu yake. Nyama ikifika kambini inakatwa tena kwa wale ambao hawakupata kitu. Na ikiisha kupikwa inatembea mara ya tatu, kwa sahani, kutoka moto huu mpaka moto ule. Ugawaji wa kwanza unafanyika porini na unafuata desturi ya mawindo. Ule wa tatu uko mkononi mwa mama mwenye chungu. Mgeni anayeangalia ule wa kwanza tu atasema wanaume wanagawa. Akae mpaka jioni.

Kwa Wahadza kuna jambo jingine lenye uzito. Sehemu fulani za mnyama mkubwa ni nyama takatifu, inaitwa epeme. Wanaume walioingizwa katika desturi wanaila peke yao, mbali kidogo na kambi, na wanawake na watoto hawana ruhusa hata ya kuwaona wakila. Tunalitaja kwa sababu wengine wameandika juu ya watu hawa kana kwamba kila kitu kwao ni sawasawa kwa wote, kama bustani ya Edeni. Si hivyo. Kugawa kwao ni kwa kweli, lakini kuna mlango ambao mwanamke haupiti.

Na kule kusini, katika jangwa la Kalahari, Wajuhoansi ambao vitabu vya zamani viliwaita Wakung wana desturi nzuri ya kuzuia kiburi cha mwindaji. Mwenye nyama si yule aliyepiga. Ni mwenye mshale uliopiga. Na kwa kuwa watu wanaazimana mishale, mzee asiyeweza tena kukimbia anaweza kujikuta mwenye nyama na mwenye kazi ya kugawa. Tena mwindaji aliyeua mnyama mnene anachekwa: wanamwambia ametuita kubeba mifupa! Bwana Richard Lee alijifunza habari hiyo kwa aibu. Alinunua ng'ombe mkubwa awape kwa siku ya Noeli. Siku nyingi watu walimwambia kwamba ng'ombe wake ni gofu, kwamba watu watalala njaa, kwamba pengine watagombana. Siku yenyewe ilipofika, mafuta ya ng'ombe yalionekana mazito, wote wakala wakashiba, wakacheka. Baadaye walimweleza: mtu anayejiona mkubwa kwa sababu ya nyama yake siku moja ataua mwenzake, basi sisi tunaupoza moyo wake. Aliandika habari hiyo mwaka 1969.

Ni bwana Lee huyohuyo aliyeshangaza mkutano wa Chicago wa mwaka 1966. Wenye elimu walikutana kuzungumza juu ya «Mtu mwindaji», na yeye aliwaonyesha kwamba kwa watu wake wa Kalahari karibu theluthi mbili za chakula, kwa uzito, zilitoka kwa wanawake waokotaji. Hata hivyo tusifanye sheria moja kwa dunia yote. Kwa Waeskimo wa barafu, ambako hakuna mizizi wala matunda mengi, karibu chakula chote kilikuwa nyama na samaki, na wanaume walikileta zaidi.

Kwa nini basi kazi zinagawanyika hivi? Jibu la kawaida ni mtoto anayenyonya. Huwezi kumfuata twiga siku mbili na mchanga mgongoni anayelia. Lakini unaweza kuchimba, kupumzika, kunyonyesha, kuchimba tena. Jibu hilo lina nguvu, lakini si kufuli. Katika kisiwa cha Luzon, huko Filipino, wanawake Waagta waliwinda nguruwe wa msituni kwa upinde na mbwa. Kwa Waaka, jirani zetu wa Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville, wanawake wameonekana wakiwinda kwa nyavu hata bila wanaume, na wababa wa kabila hilo wanashika watoto wachanga mikononi kupita wababa wengi wa dunia. Huko Peru, mwaka 2020, ilitangazwa habari ya kaburi la miaka karibu elfu tisa: ndani yake msichana na vyombo vya mawindo pembeni yake. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mkono wa mwanamke haukuumbwa kushika upinde. Mara nyingi haukushika. Hilo ni jambo jingine.

Turudi kwa Batwa wetu. Hapa habari si ya vitabu tu. Watu wa Tanganyika wanakumbuka mwezi wa saba 2016, vita kati ya Batwa na Baluba ilipowaka upya, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa kodi iliyotakwa kwa Batwa juu ya viwavi walivyookota. Vijiji viliungua, watu mamia ya maelfu walikimbia. Asiyejua kuokota ni nini atashangaa: vita kwa sababu ya vinkubala? Lakini mwenye shamba akiona mtu anakata mihindi yake kumi kwa kumi, atapigana. Kwa Mtwa pori ndilo shamba, ingawa hakuna aliyelipanda. Sheria ya nchi ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 juu ya watu wa asili Pigme imeahidi kulinda haki zao. Tungependa makatekista wanaokaa nao waijue, kwa maana karatasi ya Kinshasa inachukua muda mrefu kufika Nyunzu.

Na pori lenyewe linapungua. Kandokando ya Lubumbashi makala yamelirudisha nyuma mwaka kwa mwaka, na mama wa bowa analazimika kutembea mbali zaidi. Makala yanamletea baba franka, na baba analisha nyumba kwa franka hizo, hatukatai. Lakini mti uleule ulikuwa unalisha nyumba kwa mkono wa mama, na katika hesabu ya familia hasara hiyo haiandikwi, kwa sababu mboga ya pori haikununuliwa sokoni.

Sasa jibu letu kwa katekista. Tulimwandikia kwamba asiache kuwafundisha wababa wajibu wao; baba Mtwa anayeleta asali na panya kwa watoto wake anaujua tayari. Lakini katika fundisho lile la ndoa aondoe neno «peke yake». Juu ya mifuko tulimwambia mambo matatu tunayoyaona wazi katika habari hizi. Mfuko wa unga ni kitu kikubwa kinachokuja kwa bahati, basi kambi itautendea kama nyama kubwa, na aliyeupokea hatakuwa na nguvu ya kuwakatalia jirani. Asidhani ni ujinga ao wizi. Chakula kidogo kinachogawiwa mara nyingi kinafuata njia ya mizizi, kinabaki kwenye moto wa mama. Na wakiandika majina, waulize kila mtoto anakula kwenye moto wa nani, wasiulize tu baba yake ni nani.

Alijibu baada ya miezi miwili. Watu wa msaada walirudi na mifuko midogo, na safari hii waliandika wamama. Wababa wawili walinung'unika, mmoja alicheka. Mwisho wa mstari alibaki mama mzee mmoja ambaye hakuwa na bwana, wala mtoto wake mwenyewe karibu. Mwandishi alitaka kumpita. Watoto waliokuwa wamesimama hapo walimwambia kwamba huyo ndiye anayewapikia wakati mama zao wako porini, nao wakaanza kujihesabu mbele yake: saba. Jina lake likaandikwa.